Mchezo Katika Kazi ya Chama



Katika mkutano mkuu uliopita lilizuka shauri ambalo halikumalizika, na wengi walitoka ukumbini wakibishana mpaka walipopanda gari. Shauri lenyewe ni hili: ikiwa kikosi chetu cha kujitolea chapungua watu kila mwezi, je, yafaa tukitie mambo ya mchezo, yaani alama, vyeo, nishani, pande mbili za kushindana na kikombe mwisho wa mwaka, ili watu wavutike waje, na wakija wasiondoke? Wako waliosema ndiyo papo hapo, na wengi wao ni vijana. Wako wazee waliosema kuwa kazi ya kheri haipimwi kwa alama kama hesabu za skuli, na kwamba anayekwenda kumchukua mchumaji aliyeanguka mkarafuuni hakufuata kikombe. Sisi katika ofisi tulinyamaza siku ile. Leo twasema tuonavyo.

Kwanza yatupasa kukiri kosa letu, maana mchezo huu tumekwisha kuujaribu, na tuliujaribu vibaya. Wanachama wanakumbuka karatasi tuliyoibandika ukutani kabla ya kiangazi kilichopita. Kila aliyefika kitaluni aliandika jina lake akapata alama moja, na mwenye alama nyingi aliahidiwa zawadi. Kwa hakika watu walikuja. Walikuja, wakaandika majina, wakazungumza kidogo chini ya mwembe, wakaondoka. Kilipofika kiangazi chenyewe, karatasi ilikuwa imejaa majina na miche imekauka, kwa kuwa hatukuandika popote kuwa alama ni ya maji. Na kuna mama mmoja, jirani wa kitalu, ambaye jioni baada ya jioni alikuwa akichukua ndoo mbili kutoka kisimani kwake na kumwagilia safu za mwisho, zile zilizopona. Hakupita ofisini, wala hakuandika jina. Zawadi ikatolewa kwa mwingine, kwa makofi, naye akiwapo. Tangu siku ile hakuonekana tena kitaluni, na sisi hatukuwa na uso wa kumwuliza.

Basi waliosema kuwa mchezo huharibu wana ushahidi, na ushahidi wenyewe tumewapa sisi. Lakini hatuwezi kukubali kuwa kosa ni la mchezo. Tukivuka bahari kidogo tu, kwenda Bagamoyo na mrima wote mpaka Tanga, twakuta kuwa watu wa pwani hii walijua zamani sana kuufunga mchezo na msaada katika kamba moja. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande huo wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilipigwa chapa mwaka 1903, amezieleza ngoma za watu wake, na asomaye ataona kuwa ngoma haikuwa kucheza tu. Ilikuwa na wakubwa wake, na karamu zake, na watu wake.

Wenye kulionyesha jambo hili wazi zaidi ni watu wa beni. Ngoma hii ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, na jina lake ni lile la bendi ya Kizungu. Ikashuka mrima, na huku ikagawanyika pande mbili, Marini na Arinoti. Marini walijifananisha na wanamaji, na wengi wao walikuwa vijana wa mjini wenye majina. Katika Arinoti waliingia wengi waliotoka bara. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, na majemadari, na maofisa, na wanawake wenye vyeo vyao. Walishona sare, wakapiga kwata, wakapita mjini kwa tarumbeta. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokuja, askari na wapagazi waliichukua beni wakaifikisha Tabora, Nyasa na Kongo. Mgeni aliyeingia mji asiojua mtu aliuliza tu, Marini wako wapi, na usiku ule akapata pa kulala. Mwenzao akiugua walimtazama, akifa walimzika, akipata kesi walichanga.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Watu hawa hawakuitwa waje kusaidia wagonjwa. Laiti wangaliitwa hivyo, pengine wangalikuja wachache, kama wanavyokuja kwetu. Waliitwa kwenye upande. Mtu alikuwa Marini kwanza, na kwa kuwa ni Marini haikumkinika amwache Marini mwenziwe amelala na homa. Cheo nacho kilikuwa na kazi. Karani wa bandarini, ambaye kutwa nzima aamrishwa, Ijumaa jioni alikuwa jemadari, na ujemadari ule ulimdai. Hakuweza kukosa maziko ya mtu wake akabaki jemadari. Kisha ushindi haukuwa wa milele. Aliyeshindwa mwezi huu alikwenda kushona sare mpya, na haja ya kulipa kisasi ikamrudisha. Mombasa mambo yalikwenda mbele zaidi: vikundi vya wanawake wa lelemama, vilivyokuwa vikishindana kwa mavazi na kucheza, ndivyo walikotoka wengi walioanzisha vyama vya wanawake wa Kiislamu katika miaka ya 1950, na ushindani wao wakauingiza katika elimu ya wasichana na mambo ya kheri.

Lakini tusiwapambe. Ngoma zile ziliwaingiza watu katika madeni. Upande mmoja ukichinja mbuzi, wa pili ulitaka kuchinja ng'ombe, na nyumba nyingine zilikosa chakula kwa ajili ya fahari ya usiku mmoja. Kwa nini? Kwa sababu kilichohesabiwa kilikuwa fahari. Hawakuhesabu wagonjwa waliotazamwa. Nasi tulifanya kosa lao kwa njia yetu ya kimaskini: wao walihesabu ng'ombe, sisi tukahesabu sahihi.

Wataalamu nao wamelitazama jambo hili. Mwaka 2000 wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walitoa khabari za jaribio walilofanya Israeli. Wanafunzi wa skuli walikwenda nyumba hata nyumba kukusanya michango ya kheri. Kundi moja halikulipwa kitu. La pili liliahidiwa sehemu 1 katika 100 ya walichokusanya. La tatu sehemu 10. Waliokusanya zaidi ni wale wasiolipwa kitu. Anayefanya kazi kwa heshima yake, ukimwekea bei ndogo, huanza kuipima kazi kwa bei ile. Zawadi yetu ya mwaka jana, kusema kweli, ilikuwa bei ndogo ya namna hiyo.

Na asiseme mtu kuwa haya ya pande mbili yalikufa na beni. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na leo hapana kitongoji, huku visiwani wala ng'ambo, kisichogawanyika kwa jina lao. Karibu na Simba Day na katika Wiki ya Mwananchi mashabiki wao hutoa damu na huzuru wagonjwa hospitalini. Damu ile humfikia mgonjwa bila kuulizwa yeye ni wa jezi gani. Mtu ambaye hangetoka nyumbani kwa tangazo la hospitali hutoka kwa sababu tawi la upande wa pili limetoka jana. Twaliona jambo hili, twacheka, lakini twasahau kuwa ndilo tunalolitafuta.

Hata hivyo wazee wetu wasidhani kuwa hatukuwasikia. Wengi katika sisi wamefika Bagamoyo katika ziyara ya Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Watu huja kutoka miji mingi, wageni hulazwa na kulishwa, masufuria hukesha mekoni. Nani aandika alama pale? Hapana. Anayekuna nazi usiku kucha hataki jina lake lisomwe, na ukilisoma utamwudhi. Kuna kazi ambazo mtu huzifanya baina yake na Mola wake, na chama kikiziingiza katika mashindano kitakuwa kimezichafua. Kwa hiyo twasema wazi: kumchukua mchumaji aliyeumia, kuzika, na kumsaidia mjane kuanika karafuu zake visiingie katika mchezo hata kidogo. Visitajwe wala visiandikwe.

Lakini kitalu si maziko. Kitalu ni kazi ndefu ya kuchosha, ya maji na makuti na magugu, na mche utunzwao leo hautazaa ila baada ya miaka sita au zaidi. Hapana furaha ya karibu inayomvuta mtu. Kadhalika kufyeka njia za mashamba kabla ya msimu. Hapa mchezo una nafasi yake, kama ulivyo na nafasi wakati wa kuchambua karafuu usiku, ambapo watoto hushindana nani amalize fungu lake kwanza, na wakubwa hutia hadithi, na gunia lililokuwa la kuchosha likaisha watu wakicheka. Hakuna aliyemfundisha mtu jambo hilo.

Shauri letu basi ni kwamba kila tawi ligawanywe pande mbili kwa kura, asichague mtu, ili ndugu na ndugu wasirundikane upande mmoja na ugomvi wa zamani usipate sare. Kila upande upewe safu zake kitaluni, na ufanye vyeo vyake upendavyo, hata wakitaka mfalme na jemadari, mradi jemadari ashike ndoo. Kisihesabiwe kitu chochote ila miche iliyo hai siku ya mvua ya kwanza ya masika, na wa kuhesabu watoke tawi jingine. Fedha isitolewe. Upande ulioshindwa utapika pilau, na wote watakula, kisha kura ipigwe upya kwa mwaka unaofuata. Tukiona watu wameanza kugombania kuhesabu kuliko kumwagilia, tutausimamisha mchezo bila kungoja mkutano.

Wenye kukubali wapeleke majina kwa makarani wa matawi kabla ya mwisho wa vuli, na wenye kupinga walete hoja zao kwa maandishi, nasi tutazitia katika toleo lijalo kama zilivyo.

Mama yule wa ndoo mbili tumekwenda kwake, tumemwomba radhi. Alitukaribisha uji, akasema ya nyuma yamepita, na kwamba atarudi kitaluni ikiwa ile karatasi itaondolewa ukutani. Tumeiondoa jioni ile ile.