Duka la Nguo Si Adhabu
Mwandishi wa makala ya juzi anadai mwanamke mwenye duka la nguo hana budi kuchagua: utu au faida. Nani kamwambia? Pale Kariakoo, muuza khanga anayemwambia mteja wazi, “Dada, hii ni poliesta, si pamba, hata ukiifua haitalainika,” hapotezi mauzo. Mteja yuleyule hurudi na wenzake sherehe ikikaribia, kuchukua doti kumi za sare. Uongo ungemuuzia doti moja tu.

Na huko kufunga saa kumi na mbili ili awahi wanawe, ambako mwandishi huyo anakuita uvivu? Mwanamume akifunga kuwahi mpira, haandikiwi makala. Ndugu mwandishi, njoo ukae dukani siku moja, kisha uandike upya.