Ujasiri wa Yesu na Dominika ile ya Mtoni



Leo ni Dominika ya Kwanza ya Kwaresima, siku ambayo kila mwaka Kanisa linatusomea habari za Yesu kujaribiwa jangwani. Sisi wa Unguja tunayo sababu yetu ya kuisikiliza Injili hii kwa sikio jingine. Mwaka 2013 Dominika hii iliangukia tarehe 17 Februari. Asubuhi ile Padre Evarist Mushi alikwenda kuadhimisha Misa katika kanisa la Mtoni, nje kidogo ya mji. Alipofika, kabla hajaingia kanisani, alipigwa risasi akafa. Injili iliyopangwa kusomwa siku ile ilikuwa ya Luka, sura ya nne, ya majaribu.

Wakubwa mnakumbuka. Vijana wa kipaimara niliowauliza hawakuwa na habari, na siwalaumu, maana sisi wenyewe hatupendi kuisimulia. Basi niseme kwa kifupi. Mei 2012 zilitokea vurugu mjini, na kanisa la TAG la Kariakoo likachomwa moto. Novemba mwaka huohuo Sheikh Fadhil Soraga, Katibu wa Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali asubuhi akiwa mazoezini. Siku ya Noeli Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi, Mungu akamnusuru. Halafu ikaja Mtoni. Septemba 2013 Padre Anselm Mwang'amba naye akamwagiwa tindikali hapahapa mjini. Jina la Sheikh Soraga nimeliweka humo kwa makusudi, nitalirudia.

Kwa hiyo Padre Mushi alijua. Kati ya Noeli ile na siku yake haikutimia miezi miwili. Alijua kwamba padre mwenzake alipigwa risasi, na bado Jumapili ilipofika aliwasha gari akaenda. Kama aitwe mfiadini au asiitwe, hilo Kanisa huliamua kwa taratibu zake, wala si kazi ya mwandishi wa safu ya gazeti. Ninachotaka ukitazame ni kitu kidogo zaidi. Padre Mushi hakwenda Mtoni kuonesha ushujaa. Alikwenda kazini. Watu walikuwa wanasubiri Misa.

Tumezoea kumfikiria mtu jasiri kuwa ni yule asiyeogopa, kifua mbele na sauti juu. Yesu wa Injili hayuko hivyo. Marko anatuambia bila kuficha kwamba kule Gethsemani alishikwa na hofu na mahangaiko (Mk 14:33). Luka anataja jasho lililodondoka kama matone ya damu (Lk 22:44). Alimwomba Baba amwondolee kikombe kile. Anayehubiri kwamba Mkristo wa kweli hana hofu anahubiri jambo ambalo halimo katika Injili, na anawaumiza bure waamini ambao usiku hawalali.

Wala Yesu hakuitafuta hatari. Tazama jaribu la mwisho katika Injili ya Luka. Ibilisi anampandisha juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe, malaika watamdaka. Nilipokuwa seminari nililiona jaribu hili kuwa la ajabu kidogo: nani angeshawishika kuruka kutoka juu ya mnara? Nilipokuja kuishi Unguja ndipo nililielewa. Ni jaribu la ujasiri wa kutazamwa. Mji mzima ungepiga makofi. Yesu anakataa kuruka, na anaonekana mnyonge mbele ya shetani, na hajali.

Mara nyingine aliondoka kabisa. Nazareti walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa mlima, alipita katikati yao akaenda zake (Lk 4:30). Kuna kipindi hakutaka kutembea Uyahudi kwa sababu kule walikuwa wanatafuta kumwua (Yn 7:1). Kwa hiyo, ndugu yangu unayeona aibu kwamba parokia yako iliweka mlinzi langoni, usione aibu. Lango si upungufu wa imani.

Lakini kinara kile cha hekalu hapa kwetu kina watu wengi juu yake. Nazungumzia mihadhara ya kukashifu dini za wengine, kipaza sauti mkononi, kitabu cha wenzako mkono wa pili, umati unashangilia. Iko kwa Waislamu, na iko kwa Wakristo; leo nazungumza na Wakristo. Siku hizi haihitaji hata uwanja, inatumwa kwenye simu, na wapo waamini wangu wanaoisambaza kabla hawajamaliza kuisikiliza, wakidhani wameitetea imani. Mhubiri wa namna hiyo akiwa bara, mbali na sisi, anarudi nyumbani kula chakula chake cha jioni. Anayelipa ni mama Mkristo anayeuza samaki pale Mwanakwerekwe, ambaye kesho yake asubuhi lazima akae bega kwa bega na wenzake wale wale. Amerukishwa yeye kutoka juu ya mnara, na hakuulizwa.

Basi ujasiri wa Yesu uko wapi? Mimi nauona zaidi katika sura ya tisa ya Luka kuliko hata mbele ya Pilato. Mwinjili anasema siku zilipokaribia, Yesu alikaza uso wake kuelekea Yerusalemu (Lk 9:51). Wenye kujua Maandiko watakumbuka yule mtumishi wa Bwana katika Isaya aliyeufanya uso wake kama jiwe gumu (Isa 50:7). Hofu ipo, njia ni ileile, na miguu inakwenda. Njiani wanafika kijiji cha Wasamaria, nao wanakataa kumpokea. Yakobo na Yohane wanawaka. Wanamwuliza kama anapenda waagize moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze watu wale. Yesu anageuka, anawakemea. Kisha wanakwenda kijiji kingine.

Angalia aliyekemewa ni nani. Msamaria hakukemewa hata kidogo. Wamekemewa rafiki zake wa karibu, waliodhani wanaitetea heshima yake. Kumkabili adui ni kugumu, lakini umati wako unakushangilia. Kuwageukia watu wako, wale unaokula nao, walio na uchungu wa kweli, ukawaambia hapana, hapo hakuna wa kukushangilia.

Nakiri nilishindwa hapo. Katika wiki ile ya msiba nilikaa na waamini kwenye jumuiya moja, na mzee mmoja mwenye heshima yake akasema hawa wote ni wamoja, na siku moja nao wataona. Watu waliitikia kwa vichwa. Nilikuwa padre pale, nilikuwa na kisomo, nilikuwa na kola shingoni. Nikajifanya natafuta karatasi kwenye mkoba. Nilijiambia wana majonzi, si wakati wake. Ukweli ni kwamba niliogopa wasinipende.

Hapo ningepaswa kulitaja jina la Sheikh Soraga. Ningepaswa kuwaambia kwamba tindikali ilianza kwenye uso wa kiongozi wa Waislamu kabla risasi haijamfikia padre yeyote, na kwamba anayesema hawa wote ni wamoja anamweka sheikh aliyeungua upande wa waliomwunguza. Nilinyamaza. Nimelisema baadaye, mara nyingi, lakini baadaye ni rahisi.

Dominika iliyofuata nilikuwa na Misa asubuhi katika kigango kimoja cha shamba. Niseme ukweli tena: usiku nilijitungia homa. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia katekista. Nilipofika, maana nilifika, nilikaa sakristia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikifunga mshipi na kuufungua. Mama mmoja anayefagia kanisa akachungulia mlangoni. Alikuwa amekuja kwa miguu, gizani, kama kila Jumapili, na ndiye aliyefungua madirisha yote. Akaniambia, "Baba Padre, watu wameshakaa." Hakunitia moyo, hakunipa pole. Aliniambia watu wameshakaa. Nikatoka.

Injili ya siku ile ilikuwa ya Kugeuka Sura, na ndani yake Musa na Eliya wanazungumza na Yesu juu ya kuondoka kwake, ambako angekutimiza Yerusalemu (Lk 9:31). Dominika iliyofuata tena ilitukuta na wale Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakitoa sadaka zao (Lk 13:1). Sikuzichagua mimi Injili hizo, ni mpango wa Mwaka C. Walioleta habari ya Wagalilaya wale huenda walitarajia Yesu amlaani Pilato, au aseme waliokufa walikuwa na dhambi. Hakufanya hata moja. Aliwageukia walioleta habari, akawaambia watubu wao.

Utaniuliza, Padre, kwa hiyo tunyamaze tu? La. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha, lakini hakunyamaza pia. Alimwuliza yule askari: kama nimesema vibaya onesha ubaya wenyewe, na kama nimesema vizuri unanipigia nini? (Yn 18:23). Kudai uchunguzi ufanyike, kudai mahakama zifanye kazi yake, kukumbusha majina ya waliouawa mwaka hadi mwaka hata watu wakichoka kuyasikia, hayo yote yako ndani ya swali lile la Yesu. Anayeuliza hivyo amesimama wima na mikono yake haina kitu.

Na wewe msomaji, sidhani kama kesho utakabiliwa na bastola. Namwomba Mungu isiwe hivyo. Utakabiliwa na mambo madogo. Wewe kijana uliyetoka bara kufanya kazi kwenye hoteli za Nungwi au Paje, unajua ni nani anakatwa mshahara wake bila sababu, na unajua kwamba wewe hukatwi kwa sababu meneja ni wa kanisani kwako. Wewe mwenyekiti wa jumuiya, unajua nyumba ambayo mama anapigwa, na mume wake ndiye mtoaji mkubwa wa zaka. Wewe mama wa kwaya, kwenye kundi la simu ametumwa mzaha mchafu juu ya wanawake wa baibui, na jirani yako anayekushikia mtoto ukienda mazoezini anavaa baibui. Wote hao ni watu wako. Kwaresima hii, kabla hujaacha nyama, angalia kama unaweza kumgeukia mmoja wao.

Nimalizie kwa mtu mmoja, maana nina deni lake. Padre Mushi alipozikwa, mzee mmoja wa mtaa wetu, Mwislamu, alikuja nyumbani kwetu mapadre, akavua viatu, akaketi barazani. "Padri, poleni. Nimekuja kukaa," alisema. Alikaa siku tatu, akienda kuswali na kurudi. Watu wanaopita kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wanaona kila kitu, na siku zile si kila aliyepita alipendezwa na alichokiona. Alijua. Kijana mmoja alisimama akamwuliza anafanya nini pale kwa makafiri. Mzee akamjibu kwamba amefiwa jirani yake, akamwambia aende zake, na kama ana adabu arudi na kahawa.

Kijana hakurudi. Mzee yule alifariki miaka michache iliyopita. Nilikwenda kwao asubuhi, nikavua viatu, nikakaa na wanaume wa mtaa mpaka jeneza lilipotoka.