Mabusha, Madafu na Mitaro ya Temeke

Leo nataka tuongelee jambo ambalo hata kwenye chumba cha habari ukilitaja watu wanaanza kwa kucheka. Mabusha. Haya, chekeni, mkimaliza tuendelee.

Wiki iliyopita nilikwenda Tandika kumsalimia baba yangu mdogo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikamkuta kibarazani na kikoi chake, mtaro wa mbele ya nyumba umejaa pomoni, na ndani ya yale maji meusi viluwiluwi wanacheza kama wamelipiwa kiingilio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ruka hapo, usikanyage hilo bati, limeoza."

Baba mdogo ana busha, zaidi ya miaka 10 sasa. Familia nzima tunajua na hakuna anayelitaja. Tuliona tu alivyoacha kwenda Feri kuchukua samaki, kisha akaacha kwenda kwenye harusi, kisha akawa mtu wa kibarazani. Siku hiyo nikajikaza nikamuuliza anadhani lilitokana na nini. Hakusita: "Madafu. Ujanani nilikuwa sinywi maji mimi, nakunywa madafu."

Nikanyamaza. Kwa sababu nusu saa nzima tulikuwa tumekaa tunalitazama jibu likielea pale mtaroni.

Ndugu zangu, dafu halina kosa lolote. Matende na mabusha yanaletwa na minyoo membamba kama uzi, kitaalamu inaitwa Wuchereria bancrofti. Inakaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu. Inaishi humo miaka kadhaa, inaharibu mishipa, maji yanakosa njia. Mguu unavimba, au maji yanajaa kuzunguka korodani. Watoto wa minyoo hiyo wana tabia ya ajabu: mchana wanajificha, usiku wa manane ndio wanatoka kwenye damu ya juu juu. Ndiyo maana wapimaji wa zamani walikuwa wanatoboa watu vidole usiku. Na kwa nini usiku? Kwa sababu ndio muda anaokula mbu anayewasafirisha.

Sasa mbu mwenyewe ni nani? Vijijini hata mbu wa malaria anaibeba kazi hiyo. Mjini kwetu mwenye kazi ni Culex, mbu wa chooni. Mbu wa malaria kwa kawaida anapenda maji yenye unafuu wa usafi: dimbwi la mvua, tuta la mchicha, nyayo za ng'ombe. Huyu mwenzake anataka maji ya choo, chemba iliyopasuka, mtaro ulioziba. Kadiri maji yanavyonuka ndivyo anavyostawi. Kwa hiyo ukimuuliza Culex mji gani mzuri, atakutajia Dar es Salaam bila kufikiri mara mbili.

Tukisikia "mabadiliko ya mazingira" sisi wasomi mawazo yanakwenda kwenye theluji ya Kilimanjaro. Ni sawa. Lakini mabadiliko makubwa ya mazingira niliyoyaona mimi kwa macho yangu ni haya ya mtaani. Sensa ya mwaka 1978 ilikuta mkoa huu una watu wapatao 843,000. Ya mwaka 2022 imekuta watu milioni 5.38. Watu hao wote wanakwenda chooni, na wengi hawajaunganishwa na bomba la maji taka. Wana shimo. Kwenye mabonde ya Keko na Mtoni maji ya ardhini yako karibu, shimo halichelewi kujaa. Gari la kunyonya uchafu halipiti kwenye vichochoro, na likipita ni hela. Sasa mtu anafanya nini? Anasubiri mvua kubwa, anatoboa shimo pembeni, uchafu unaondoka na maji. Mtaani tunaita kutapisha choo. Wote tunajua, na usijifanye hujui.

Hapo ndipo mvua inapoungana na choo. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipopita, watu walihesabu waliokufa na nyumba zilizobomoka, na waliokuwa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Ilikuwa haki kuhesabu hivyo. Lakini maji yakishapungua kinabaki kitu ambacho hakuna anayekihesabu: kila shimo, kila chemba, kila tairi bovu limejaa. Joto nalo linaongeza chumvi. Mnyoo unahitaji kama wiki mbili ndani ya mbu kabla haujawa tayari kuingia kwa mtu mwingine. Hali ya hewa ikiwa ya joto, unakomaa haraka, na mbu wengi zaidi wanafikisha mzigo kabla hawajafa.

Serikali haikulala, tuwe wakweli. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza kugawa dawa kisiwani Mafia mwaka 2000, na Dar es Salaam ikafikiwa miaka michache baadaye. Unameza ivermectin na albendazole mara moja kwa mwaka, kwa miaka kadhaa mfululizo, kwa sababu dawa inaua zaidi wale watoto kuliko wazazi wao. Maambukizi yameshuka sana nchini, na halmashauri nyingi zimeshafikia hatua ya kuacha kugawa. Hongera zao.

Na hapa naomba niungame. Mwaka mmoja wagawaji walikuja nyumbani, mama wawili wenye fulana na daftari. Nikapokea vidonge, nikaandikwa jina, nikavitia mfukoni. Kijiweni walikuwa wameshasema vinamaliza nguvu za kiume. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeandika habari gazetini kuhimiza wananchi wakameze. Mwandishi mzima! Kwenye takwimu nahesabiwa nimemeza. Sijui tuko wangapi.

Ndiyo maana nasema dawa peke yake haitoshi, na wala siyo maneno yangu ya kibarazani. Nendeni mkasome habari ya Makunduchi, Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti, akiwemo Chris Curtis wa London, waliwapa watu dawa na papo hapo wakamwaga kwenye vyoo vya shimo chembe nyepesi za plastiki, jamii ya yale maboya meupe yanayofungashiwa televisheni. Chembe zikaelea, zikafunika maji yote. Viluwiluwi wakakosa pa kuvutia hewa, na mbu jike akakosa pa kutagia. Mwanzoni karibu nusu ya watu walikuwa na vijidudu hivyo kwenye damu. Baada ya miaka mitano walikuwa wamebaki wachache mno. Mji mwingine wa huko huko ulipewa dawa bila kugusa vyoo, na maambukizi yakaanza kupanda tena taratibu.

Na hapa kwetu? Kati ya 1988 na 1996 kulikuwa na mradi wa malaria mijini kwa msaada wa Wajapani, mitaro ikazibuliwa. Mwaka 2004 ukaja mpango mwingine wa jiji, na mwaka 2006 vijana wa mtaani wakaanza kunyunyiza dawa ya kuua viluwiluwi kwenye kata tatu, mojawapo Kurasini hapa Temeke. Kibaha tuna kiwanda kizima cha viuadudu, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Kwa hiyo ujuzi upo na dawa ipo. Tatizo letu ni kwamba mtaro tunauzibua mradi ukija, mradi ukiondoka tunarudishia makopo.

Msimamo wangu ni huu. Shilingi inayotengwa kwa vidonge iende na mwenzake ya choo na mtaro. Halmashauri iwe na namna ya kunyonya mashimo ya vichochoroni kwa bei anayoiweza mama ntilie, vinginevyo kutapisha hakutaisha hata mkitunga sheria mia. Na sisi tuliosoma tuache kurusha chupa dirishani kwenye daladala halafu jioni tunalalamika mbu.

Baba mdogo nilimweleza yote haya. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo madafu naweza kunywa?" Nikamwambia anywe. Nikamwambia pia busha linapasuliwa hospitali, ni upasuaji wa kawaida, watu wanapona na kurudi kazini. Akatazama mtaro kwa muda mrefu. Akasema tutaongea baada ya Idi.

Nimeshaweka alama kwenye kalenda, nitamfuata mwenyewe. Nawe mwenzangu, kwenu yupo nani ambaye hamumtaji?