BARIDI SI LIKIZO YA JEMBE



Mvua zinakatika, na tayari tunawasikia wale wale: "Ngoja baridi ipite, ardhi imelala." Ardhi haijalala. Tumelala sisi! Juni ikifika mtu anajifunga blanketi, huyo kilabuni kuota moto na komoni, na mama watoto anashuka sokoni Mwanjelwa kununua kabichi. Kabichi hiyo kalima nani? Mkulima wa nyanda hizi hizi, mwenye baridi hii hii. Mbona yeye hakuganda?

Tuseme ukweli. Baridi inaua, lakini haiui kila kitu. Nyanya, maharage, maboga na mahindi ni waoga. Sakitu ikipiga usiku mmoja tu, asubuhi majani ni meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Viazi mviringo vinapenda ubaridi, ila majani yake nayo huungua kwa sakitu, basi usivipande kule bondeni hewa ya baridi inakotuama. Hayo tunakubali. Lakini kabichi, karoti, figili, spinachi, chainizi, njegere na vitunguu saumu ndiyo mazao ya baridi hasa. Kabichi hufunga vizuri, na viwavi wanaoila huzaana polepole. Kitunguu saumu kisipopata baridi hakigawanyiki vizuri kuwa punje.

Na mitufaa, mipeasi na miplamu? Wakati huu hupukutisha majani, halafu mtu anasema mti umekufa, anaukata kuni! Mti ule umepumzika tu, na bila baridi ya kutosha hautoi maua vizuri. Huu ndio wakati wa kuupogoa, siyo kuuchoma.

Wengine wanajificha nyuma ya sheria, eti vinyungu vimekatazwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Haikukataza kubeba ndoo. Pima hatua zako, kaa mbali na mto, mwagilia asubuhi.

Mwaka 1975 wazee wetu walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, kampeni ya Chakula ni Uhai, wakajadili mboga za watoto. Leo mtoto wa Julai anakula ugali na maharage, kesho maharage, keshokutwa maharage, na baba yake anajiita mkulima!

Sasa ni Aprili. Miche ya kabichi hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6, kwa hiyo anayengoja Juni amekwisha kuchelewa. Kitalu kifunikwe nyasi usiku. Karoti hazihamishwi, zipandwe shambani moja kwa moja.

Mbegu zipo ofisini kwa ushirika. Jina la kila atakayechukua tutalibandika hapa ukutani. Asiyechukua tunamjua, na kilabu anachokaa tunakijua pia.

Katibu wa Chama, kwa niaba ya Kamati