Ndege za kujiundia zipimwe uzito kabla ya kusifiwa

KILA baada ya miaka michache, magazeti na runinga humu nchini huangazia kijana aliyejiundia ndege uani kwao. Umati hufurika, injini ya pikipiki hunguruma, na chombo kinapokosa kupaa, serikali hulaumiwa kwa kutothamini vipaji. Sisi wanahabari huuliza injini ilitoka wapi na iligharimu pesa ngapi. Ni nadra kuuliza iwapo ndege hiyo imewahi kupandishwa kwenye mizani.

Ilhali hilo ndilo swali la uhai na mauti. Mvuta mkokoteni wa Gikomba hulielewa bila kusomea: akirundika magunia nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni humwinua yeye. Ndege nayo ina kitovu cha uzito, na katika ndege ndogo ya watu wawili mipaka ya kitovu hicho aghalabu ni upana wa shubiri moja hivi. Kikiwa mbele mno, rubani hushindwa kuinua pua anapotua. Kikiwa nyuma mno, hatari huzidi: pua huinuka, mabawa huishiwa na nguvu ya kubeba, na ndege ikianza kuporomoka huku ikizunguka, usukani wa mkiani huenda usiirejeshe.

Ndugu Wright wa Marekani, waliojiundia ndege yao wenyewe, walikumbana na tatizo hilo. Mwaka 1904 walilazimika kufunga vyuma vya takriban kilo 32 sehemu ya mbele ili itulie hewani.

Hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Ndege husimamishwa katika mkao wa kuruka, kila gurudumu juu ya mizani yake. Uzito wa kila gurudumu huzidishwa kwa umbali wake kutoka puani, majibu hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa uzito wote. Tuseme magurudumu makuu yana kilo 330 katika mita 1.8, na la mkiani kilo 30 katika mita 5.4. Kitovu kitakuwa mita 2.1. Rubani wa kilo 80 akiketi katika mita 2.6, kitasogea hadi karibu mita 2.19. Mkoba wa kilo 20 tu ukiwekwa katika mita 3.5, kitarudi nyuma kwa takriban sentimita 6 zaidi. Kwenye mipaka ya shubiri moja, hilo si jambo dogo.

Michoro ya mtandaoni haitoshi, kwa kuwa ndege mbili za mchoro mmoja hutofautiana kwa rangi, redio na injini. Mafuta nayo ni mtego. Tangi likiwa mbele ya kitovu, kila lita inayochomwa hukisogeza nyuma, hivyo ndege iliyopaa salama yaweza kutua ikiwa imevuka mpaka.

Hata marubani wa kulipwa hunaswa. Ndege iliyomuua mwanamuziki Aaliyah na wenzake 8 huko Bahamas mwaka 2001 ilikuwa ya kiwandani, lakini wachunguzi walibaini ilizidishiwa uzito na kitovu kilikuwa nyuma ya mpaka.

Kwetu nyanda za juu, mambo huwa magumu zaidi. Uwanja wa Wilson uko takriban mita 1,690 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini na za mabawa.

Kwa hivyo Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA) inapomzuia kijana kupaa, kumwita adui wa vipaji ni kumwonea afisa anayetimiza wajibu wake. Lawama ya haki ni nyingine: kijana huyo huambiwa "hapana" bila kuonyeshwa njia. Vyuo vya kiufundi vilivyo karibu naye vingeweza kumwazima mwalimu wa fizikia kwa siku moja, pamoja na mizani tatu zilizokaguliwa na maafisa wa vipimo.