Kicheko Kisicho na Zamu ya Kujibu: Lafudhi, Utani na Mipaka ya Ucheshi katika Runinga za Kenya

Mjadala kuhusu mipaka ya ucheshi katika runinga za Kenya umeachiwa watu wa aina mbili, na wote wawili wameupotosha. Wa kwanza ni walinzi wa maadili, ambao kwao kichekesho hukera pale tu kinapotaja viungo vya mwili au mambo ya kitandani. Wa pili ni watetezi wa wachekeshaji, ambao kila walalamikiwapo hujikinga kwa ngao moja: kwamba huo ulikuwa utani tu, na asiyestahimili kutaniwa ana kasoro yake mwenyewe. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, waliopasa kulizungumza suala hili kabla ya wengine wote kwa kuwa sehemu kubwa ya vichekesho hivyo imetungwa kwa lugha wanayoifundisha, wamekaa kimya. Yamkini wanaona kwamba fasihi ni tamthilia iliyochapishwa na kutahiniwa, na kwamba kinachoonyeshwa runingani jioni ni upuuzi wa kuteremshia chakula. Makala haya yanashikilia kwamba kimya hicho ni kosa, na kwamba ucheshi unaoumiza zaidi nchini hauna tusi hata moja ndani yake.

Inafaa kuanza na walinzi wa maadili, maana hoja yao ni nyepesi na haitachukua nafasi kubwa. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zimetenga muda wa tangu saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku ambamo vipindi visivyowafaa watoto havipaswi kuonyeshwa. Muda huo hulindwa kwa bidii dhidi ya mabusu na maneno machafu. Lakini ni katika muda huo huo ambapo mtoto wa Nairobi, akiwa ameketi kando ya yaya wake, hujifunza kwamba yaya ni mtu wa kuchekwa: jinsi asemavyo, jinsi atembeavyo, jinsi alivyojifunga kitambaa kichwani. Hakuna neno chafu lililotamkwa. Mkaguzi aliyekuja na orodha ya matusi mkononi ataondoka ameridhika.

Isitoshe, wanaodai sheria kali zaidi wana kumbukumbu fupi. Leseni ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda pale Kamirithu iliondolewa mwezi wa Novemba 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Haukubomolewa kwa sababu uliwacheka mayaya na mabawabu. Vijana watatu wa Redykyulass walipothubutu, mwishoni mwa miaka ya 1990, kuiga sauti na mwendo wa Rais Moi mbele ya kamera, walifanya jambo ambalo miaka kumi kabla yake lingeweza kuwafikisha korokoroni. Anayemkabidhi mdhibiti nyundo leo ili amtetee mnyonge ajiulize ni nani atakayepigwa nayo kesho.

Tatizo halisi limo katika lafudhi. Kila mtazamaji wa Kenya anaijua sarafu hii. Mjaluo, ambaye lugha yake ya kwanza haina sauti ya 'sh', hupewa 'samba' badala ya 'shamba'. Mkikuyu huchanganya 'r' na 'l' hata 'kulala' kukawa 'kurara'. Mluhya hutamka 'pato' pale penye 'bado'. Mwanaisimu anajua kwamba hayo ni matokeo ya kawaida ya lugha mbili kukutana kinywani mwa mtu mmoja, na kwamba hayana uhusiano wowote na akili ya msemaji. Mchekeshaji naye anajua jambo jingine: kwamba yakirudiwa mara tatu ukumbi utacheka, na kwa hivyo hatahitaji kubuni tukio, wala mgogoro, wala mhusika. Lafudhi imekuwa badala ya utunzi. Hapa kosa la kisanaa hutangulia lile la kimaadili, na mhakiki anayo haki ya kulalamika hata kabla ya yule aliyechekwa. Wala mwenye lugha hakusalimika. Mtu wa pwani huletwa jukwaani na kikoi chake na sauti ya kuvuta, mvivu, mwenye maneno mengi na kazi chache. Kiswahili chake fasaha ndicho kichekesho chenyewe. Taifa ambalo katiba yake ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza linamcheka anayekizungumza vibaya, na linamcheka anayekizungumza vizuri. Anayesalimika ni yule asiyekizungumza kabisa.

Haina maana kwamba kila lafudhi iliyoigizwa ni tusi. Kipindi cha Vitimbi cha KBC kinakataza hukumu ya jumla kama hiyo. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu kwa kuzaliwa. Naye kwa miaka mingi alimwigiza Mzee Ojwang', Mjaluo wa kutoka unyayo hadi utosi. Katika vipindi vya uchaguzi wa 1992 na 1997, ambapo watu walifukuzwa makwao na kuuawa kwa ajili ya kabila zao, Wakenya wa kila upande walikuwa wakimpenda Mjaluo ambaye alikuwa Mkikuyu. Jambo hili lastahili kufikiriwa zaidi ya kusifiwa katika tanzia. Ojwang' hakukera kwa sababu lafudhi ilikuwa vazi lake, haikuwa kisa chake. Alikuwa na tamaa, na hila zisizofika mbali, na woga mbele ya Mama Kayai, na kujigamba ambako kila mtazamaji alikutambua katika ukoo wake mwenyewe. Mvue lafudhi hiyo, naye angali amesimama pale na hila zake. Hiki ni kipimo ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukitumia: mwandike mhusika upya kwa Kiswahili sanifu, kisha tazama kama pana mtu aliyebaki. Katika sehemu kubwa ya vichekesho vya baadaye hapabaki mtu.

Vioja Mahakamani nacho kina sifa ambayo haijatambuliwa ipasavyo. Lugha ya Mahakama Kuu ya Kenya ni Kiingereza. Katika mahakama za chini Kiswahili kinaruhusiwa, ila mshtakiwa maskini aghalabu huyasikia maisha yake yakijadiliwa kwa lugha asiyoielewa, kisha akasubiri karani amtafsirie. Watunzi wa Vioja walibuni mahakama ambamo hakimu, kiongozi wa mashtaka na mshtakiwa wote wanatumia lugha moja, na mshtakiwa, awe Makokha, awe Otoyo, awe Ondiek Nyuka Kwota, anamjibu hakimu uso kwa uso. Lafudhi yake inachekwa, hilo halina shaka. Lakini anayo zamu ya kusema, na mara nyingi ulimi wake uliopinda unamtoa jasho kiongozi wa mashtaka ambaye Kiswahili chake kimenyooka.

Mambo yaligeuka vituo vya binafsi vilipoanza kutunga vichekesho vyao kwa wingi. Kiingereza kiliingia sebuleni, na Kiswahili kikahamishiwa langoni na jikoni. Mwenye nyumba husema Kiingereza au mchanganyiko wa kisasa. Mlinzi, mpishi na yaya husema Kiswahili chenye kabila. Haki itendeke: Papa Shirandula, kipindi kilichombeba Charles Bukeko hadi kifo chake Julai 2020, kilimweka mlinzi katikati ya kisa badala ya kumwacha langoni, na aibu ya mtu anayeificha kazi yake ya ulinzi ni maudhui ambayo mtunzi yeyote wa tamthilia angeyaonea fahari. Auntie Boss! nacho kiliwapa watumishi wa nyumbani nafasi ya mbele. Hata hivyo, waigaji wao waliiokota lafudhi na sare, wakaiacha aibu, ambayo ndiyo iliyokuwa fasihi. Hadhira iliyofunzwa hivyo kwa muda mrefu haisikii tena Kiswahili cha mlinzi kama lugha. Huisikia kama mlio wa kengele unaowaamrisha wacheke.

Hapo ndipo watetezi wanapoleta neno 'utani', nalo ni neno lililotumiwa vibaya kuliko yote katika mjadala huu. Utani katika Afrika Mashariki si ruhusa ya kumsema mtu upendavyo. Ni uhusiano wenye wenyewe na wenye masharti. Watani hujulikana: babu na mjukuu, mabinamu wa upande wa mama na wa baba, na katika Tanzania kabila na kabila, kama vile Wazaramo na Wanyamwezi. Atanie naye hutaniwa. Na juu ya hayo yote mtani ana wajibu. Msibani yeye ndiye anayewatania wafiwa, akawazuilia jeneza mpaka apewe chochote, lakini yeye huyo huyo hushiriki kazi za mazishi ambazo wafiwa wenyewe hawaziwezi kwa uchungu. Aliyekucheka kinywa ndiye atakayekufukia. Mchekeshaji wa runinga hawajibiki kwa lolote kati ya hayo. Anamcheka mlinzi asiyemjua, kwa ujira, mbele ya mamilioni, na mlinzi hana kituo cha kumjibia. Kuliita jambo hilo utani ni kuinyang'anya jamii neno lake.

Utetezi wa pili ni mjanja zaidi. Hudaiwa kwamba katika maonyesho ya jukwaani yaliyovuma kupitia Churchill Show na mengine ya aina yake, mchekeshaji hulicheka kabila lake mwenyewe: Mluhya ndiye anayesema kwamba Waluhya wanapenda kuku, Mkikuyu ndiye anayesema kwamba Wakikuyu wanapenda pesa. Ana haki ya kujicheka, nani amkataze? Lakini aliyesimama pale, kipaza sauti mkononi, mara nyingi ameshatoka katika hali anayoicheka. Lafudhi ya mamake anaivaa anapopanda jukwaani na kuivua anaposhuka. Mama mwenyewe hawezi kuivua, nayo ndiyo anayokwenda nayo benki, hospitalini na katika ofisi ya chifu, ambako karani aliyekitazama kipindi usiku uliopita anatabasamu kabla hajasikia shida yake.

Pana wanaosema kwamba hayo ni maumivu madogo, na kwamba taifa changa linahitaji kucheka pamoja. Waulizwe kuhusu mzaha wa jando. Kwa miaka mingi mwanamume asiyetahiriwa amekuwa akifanyiwa masihara mitaani, katika vilabu vya pombe na katika mikutano ya siasa, na aliyekusudiwa alijulikana bila ya kutajwa. Lilikuwa jambo la kuchekesha. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki yaliwaua watu 1,133, tume hiyo hiyo ilipokea ushahidi kuhusu wanaume Wajaluo waliokamatwa na kutahiriwa kwa nguvu. Haidaiwi hapa kwamba kichekesho fulani ndicho kilichoshika kisu. Linalodaiwa ni kwamba walioshika visu hawakuhitaji kuelezwa maana ya walichokuwa wakikitenda, kwa sababu mzaha ulikuwa umekwisha kuwaeleza. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, nao hawakuwa wakizungumzia adabu.

Baada ya hayo ndipo ilipotungwa Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008, na baadaye kifungu cha 33 cha katiba, kinachouondolea matamshi ya chuki ulinzi wa uhuru wa kujieleza. Sheria hizo zina kazi yake. Zinaweza kumfikia anayesimama kwenye gari la kampeni akawaita wenzake magugu. Haziwezi kumfikia mwandishi wa mswada ambaye kwa vipindi mia mfululizo hajapata kumpa mlinzi sentensi moja ya busara, na ni vyema zisijaribu. Hakimu hapimi mhusika bapa. Hiyo ni kazi ya uhakiki, na kipimo chake kiko katika utani wenyewe: je, anayechekwa ana zamu? Kipimo hiki hakiwafungi wachekeshaji mdomo. Vikaragosi vya The XYZ Show, vilivyoanza mwaka 2009 kwa ubunifu wa mchoraji Gado, viliwakejeli marais na mawaziri bila huruma, wala hapana haja ya kuwahurumia. Waziri ana msemaji, ana mawakili, ana magazeti yanayomngoja mlangoni. Zamu yake ya kujibu haijawahi kukosekana. Katika hadithi za Abunuwasi mkubwa anachekwa hadharani na bado ni mkubwa asubuhi inayofuata. Wasimulizi wa pwani walijua mzaha unapaswa kuelekezwa wapi bila ya kuandikiwa kanuni.

Kuna watakaosema kwamba kipimo cha zamu kitaua ucheshi. Kitaua uvivu. Kigugumizi cha kuigiza, kilema cha kuigiza, mwanamume aliyejaza matambara kifuani akajiita mama mboga: hivyo vikikosekana hapana atakayevililia ila mtunzi aliyekuwa amevitegemea. Kilichobaki ni kigumu zaidi na kinadai kazi. Kinadai mtunzi aketi na bawabu, asikilize jinsi mabawabu wanavyowacheka matajiri wao usiku, maana huwacheka, na kwa ufundi usiofikiwa na chochote kinachoonyeshwa. Ucheshi huo umetungwa kwa Kiswahili, chenye lafudhi zote, nao haujapata kuingia katika mswada.

Wala haujaingia katika mitihani ya idara za Kiswahili. Mwanafunzi anaweza kueleza kinaya na tashtiti katika tamthilia ya mwaka 1971, akatoka darasani, akaketi mbele ya runinga ya bwenini, akacheka neno 'pato' pamoja na wenzake, mmoja wao akiwa amenyamaza. Mhadhiri atakayetaka kuanza hahitaji fedha za utafiti. Inatosha kipindi kimoja cha nusu saa, kalamu na karatasi yenye safu tatu: nani amecheka, nani amechekwa, na nani amepewa neno kicheko kilipokwisha.