Soko la besi kando ya Ziwa: mlaji analipia ukubwa wa kisanduku

MWEKAHAZINA wa kwaya anayetumwa Mwanza kutoka Magu au Sengerema na bahasha ya michango ya waumini huwa na swali moja mdomoni: ampilifaya ipi ina sauti kubwa? Muuzaji analijua swali hilo kabla halijaulizwa, na jibu lake amekwisha kulipanga dukani kwa urefu, kuanzia kisanduku kifupi hadi kile kinachomfika mtu kifuani. Mara nyingi kilichouzwa siku hiyo ni mbao, chuma na uzito. Sauti itajulikana Jumapili.

Biashara ya magita ya besi na ampilifaya zake zilizokwisha kutumika ni ndogo ukiilinganisha na samaki au pamba, lakini kwa anayeishi kwa muziki ndiyo biashara kuu. Tatizo lake la kwanza ni kwamba haina mahali pake. Dagaa wana Mwaloni pale Kirumba, mitumba ina Mlango Mmoja, na mchuuzi yeyote akiamka mapema anajua bei ya siku kabla ya saa mbili asubuhi. Besi haina bei ya siku. Inauzwa nyuma ya karakana ya fundi redio, kwa simu kati ya mpigaji na mpigaji, au kwa dalali aliyeambiwa na dalali. Pasipo na bei inayojulikana, bei hupangwa kwa kumtazama mnunuzi usoni, na kiongozi wa kwaya kutoka wilayani anatazamika kirahisi kuliko wote.

Kasoro ya pili ni ya umeme, na ndiyo inayokula fedha nyingi. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Ampilifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani inataka volti 100, na ya Marekani volti 120. Chombo cha namna hiyo kikichomekwa ukutani moja kwa moja hakichukui muda. Hutoa moshi, na kwaya inabaki na meza nzito ya kuwekea vitabu vya nyimbo. Dawa yake inajulikana: transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi kile ampilifaya inachokula. Wapo pia mafundi wanaoweza kubadilisha transfoma ya ndani, na zipo ampilifaya zenye swichi nyuma ya kuchagua volti. Hayo yote ni halali na yanafanyika. Lisilokuwa halali ni kuuza chombo cha volti 100 kwa bei ya chombo cha volti 230, kisha mnunuzi aachwe akutane na habari ya transfoma baada ya kulipa.

Tuchukue hesabu ya mfano, ambayo si bei ya soko bali ni ya kuonyesha njia tu. Gita la besi limetajwa Sh 350,000 na ampilifaya Sh 600,000. Mnunuzi anaondoka nyumbani akijua anahitaji Sh 950,000. Transfoma ni Sh 120,000, nyuzi mpya Sh 60,000, na fundi wa kunyoosha shingo na kurekebisha soketi Sh 70,000. Jumla imefika Sh 1,200,000, yaani zaidi ya robo imeongezeka juu ya bei iliyotajwa, na bado nauli ya mzigo haijahesabiwa. Mfanyabiashara wa samaki asiyehesabu barafu hadumu msimu mmoja. Kwenye vyombo vya muziki barafu haihesabiwi kabisa, na watu wanashangaa mtaji unakwenda wapi.

Wati nazo zina hadithi yake. Namba iliyoandikwa mbele ya kisanduku husomwa kama umri wa ng'ombe mnadani, ilhali namba yenye maana zaidi imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo: omu. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba hutoa omu 4. Mbili za omu 4 hutoa omu 2. Ampilifaya iliyoandikwa mwisho wake ni omu 4 ikifungiwa mzigo wa omu 2 itavuma vizuri kwa nyimbo mbili tatu, watu watashangilia, kisha transista za mwisho zitaungua. Hapo fundi atatafuta transista kama ile maarufu ya 2N3055, na hapo tena ataingia katika soko jingine lenye maradhi yake, maana transista bandia zimejaa duniani kote na kwa macho hazitofautiani na halisi. Fundi analaumiwa kwa chombo kurudi baada ya wiki, hali kosa lilianzia kwa aliyeongeza spika ya pili ili ukumbi ujae.

Aidha, uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde. Spika ya kupazia maneno ya mhubiri haikutengenezwa kwa kazi hiyo; itakoroma, kisha karatasi yake itachanika. Kwaya ambazo zimechana spika tatu kwa mwaka zingeokoa fedha kwa kununua spika moja ya besi ya inchi 15 na kuachana na habari ya wati.

Sasa kuhusu marekebisho, ambako thamani ya biashara hii imejificha. Huko Ulaya na Marekani gita la besi la zamani lina bei kubwa likiwa halijaguswa. Fender Precision, mfano ulioanza kuuzwa mwaka 1951, likiwa la miaka ya mwanzo na rangi yake ya kiwandani, hushuka thamani mara tu mtu anapolipaka rangi upya au kubadilisha pikapu zake (zile sumaku zenye waya chini ya nyuzi, si gari). Kando ya Ziwa Victoria mambo ni kinyume. Hapa hakuna anayenunua besi ili aiweke kabatini. Gita lililonyooshwa shingo, likasukwa upya waya za pikapu, likabadilishwa soketi iliyolegea, lina thamani kuliko lile lile lililoachwa kama lilivyotoka kwenye kontena. Fundi ndiye anayeliongezea thamani. Hata hivyo, ukifuatilia fedha zinavyogawanywa, fundi hulipwa ujira wa siku, na ongezeko la bei huchukuliwa na aliyelinunua kwa wiki moja na kuliuza.

Sababu yake ni karatasi. Fundi anafanya kazi nzuri kisha anaiacha iondoke bila jina. Laiti angeandika kadi moja tu, yenye volti, omu, tarehe, alichobadilisha na muda wa dhamana, jina lake lingeuzwa pamoja na chombo, na mnunuzi wa pili angemtafuta. Mafundi wengi hukataa kwa hofu kwamba karatasi itawaletea madai. Hofu hiyo ina msingi, lakini gharama ya kutokuandika ni kubwa zaidi, maana mteja asiyeweza kutofautisha kazi nzuri na mbovu hulipa bei ya mbovu kwa zote mbili.

Sheria nayo haimsaidii sana anayenunua kwa macho. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu kinachofaa kuuzwa. Lakini mnunuzi akishakikagua chombo, kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha hawezi tena kumdai nayo muuzaji. Kupapasa kisanduku na kutikisa kichwa ni ukaguzi. Afadhali mtu aje na mpigaji, achomeke, apige nusu saa mfululizo kwa sauti ya kazi, kisha aguse chuma cha nyuma aone joto lake.

Wapo watakaosema kwamba suala hili ni la mafundi na halistahili ukurasa wa masoko. Historia ya muziki wa dansi nchini inasema vingine. Bendi zilizotikisa nchi hazikumiliki vyombo vyao. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya TTTS, shirika la usafiri na teksi, kabla ya kwenda DDC. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, na aliyeshika funguo za stoo ya vyombo ndiye aliyeamua nani apige na lini. Katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni mpiga besi hakuwa na njia ya kujinunulia chombo hata kama alikuwa na shilingi mfukoni. Ni baada ya mwaka 1984, waliporuhusiwa wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, ndipo mlango ulipoanza kufunguka.

Leo mlango uko wazi, lakini mpiga besi wengi wa Mwanza bado hawana besi. Chombo ni cha kanisa au cha mwenye ukumbi, na siku wakikosana na kiongozi wanaondoka na vidole vyao tu. Kwao soko hili la vilivyotumika ndiyo njia pekee ya kuwa na mali. Tukirudi kwenye ule mfano wa Sh 1,200,000: mpigaji anayekodishwa chombo kwa Sh 25,000 kwa usiku, mara nne kwa mwezi, analipa Sh 100,000. Katika miezi 12 amekwisha kulipa thamani ya chombo kizima na hana hata uzi mmoja. Ndiyo maana ampilifaya iliyoungua ndani ya mwezi wa kwanza haiwi hasara ya kawaida kwake. Inamrudisha stoo ya mtu mwingine.

Kwa upande wa mahitaji, soko si moja. Kuelekea Tarime, Rorya na Shirati, alikozaliwa Daniel Owino Misiani, nguli wa benga aliyefariki mwaka 2006, besi inatakiwa isikike mbele, ikizungumza na gita la solo kama nyuzi nene za nyatiti. Kwaya inataka besi ya duara, inayobeba sauti za waimbaji bila kuzifunika. Kinanda kimeingia hapo pia, maana mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unaweza kushika kazi ya besi bila mshahara wa pili. Muuzaji mwenye akili hauzi chombo kimoja kwa maneno yale yale Musoma na Bukoba.

Wala fedha haziji siku zote. Visiwani wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao zivute samaki, hivyo mwezi mpevu ukiwaka mifuko hukauka. Anayekopesha mwenye ukumbi wa Ukerewe kwa malipo ya kila Ijumaa atagombana na watu bure, wakati angepanga malipo kwa mwezi wa angani asingekosa chake. Kwa wakulima wa pamba, msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia Mei, ndipo kwaya za vijijini zinapochanga. Kulundika bidhaa Januari ni kulaza mtaji.

Wanaovuka Sirari kwenda kununua Kisumu nao wakumbuke kwamba gita lililotengenezwa Indonesia haligeuki kuwa la Afrika Mashariki kwa kupitia Kenya. Msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya, pamoja na ile hati rahisi ya uasilia kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 nayo inasubiri upande huu. Kisanduku cha spika kilichorandwa na seremala wa Mwanza kwa mninga ni jambo jingine. Hicho kina njia ya kuvuka kwenda upande wa pili kikiwa na hati yake. Kwa sasa mafundi wanatengeneza visanduku hivyo kwa oda moja moja, mteja akilipa arubuni kwanza ili mbao zinunuliwe.